Hita ya Papo Hapo Si ya Haraka kwa Kila Nyumba

Mwandishi aliyetushauri tung'oe matangi ya maji moto na kufunga hita za papo hapo amepima sekunde za maji kuanza kutoka moto. Hakupima dakika za kujaza ndoo.

Chukua Nairobi mwezi wa Julai, maji ya bomba yakiwa nyuzi 18 hivi. Hita ya kilowati 5.5 ikitakiwa kuyafikisha nyuzi 40 haipitishi zaidi ya lita 3.6 kwa dakika. Ndiyo maana ukifungua bomba zaidi, maji yanapoa. Ndoo ya lita 20 inakula dakika 5 na nusu, na mama mwenye watoto wa kuogesha kabla ya basi la shule anazijua dakika hizo.

Tangi la lita 50 lenye nguvu ya kilowati 1.5 huchukua kama saa moja na dakika 40 kufika nyuzi 60. La kilowati 3, dakika 50 hivi. Ni muda mrefu, sibishi. Lakini likishafika hapo, ukichanganya na maji baridi unapata ndoo 4 kwa mfululizo. Mtambo wa jua, ambao mwandishi huyo hakuutaja kabisa, unataka kutwa nzima ya jua.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni usalama. Kilowati 5.5 kwenye volti 240 ni ampea 23, mkondo mkubwa kwa waya mwembamba. Mpangaji wa nyumba kuukuu asifunge hita hiyo kabla fundi wa umeme hajakagua unene wa waya na kuhakikisha ethi inafanya kazi.