Usipuuze mrija wa mashine ya figo

Ukiingia katika chumba cha kusafishia damu hospitalini, macho yako yatavutwa na mashine yenyewe: kioo chake, taa zake na kengele zake. Ni wachache wanaoutazama mrija wa plastiki unaotoka mkononi mwa mgonjwa. Hata hivyo, damu haiigusi pampu hata kidogo. Hupita ndani ya mrija huo na kurudi mwilini ikiwa imesafishwa. Mashine ni ghali na mrija ni rahisi, lakini ni mrija unaobeba uhai wa mgonjwa.

Yafaa kwanza tuelewe jinsi pampu hii inavyofanya kazi. Ndani yake mna magurudumu madogo yanayozunguka na kuubana mrija ukutani, na damu iliyo mbele ya gurudumu husukumwa, kama vile matumbo yako yanavyosukuma chakula. Kwa mtu mzima, pampu husukuma takriban mililita 300 kwa dakika. Katika kikao cha saa 4 hizo ni lita 72, ilhali mwili una takriban lita 5 tu za damu. Sehemu ya mrija iliyo chini ya magurudumu hubanwa maelfu ya mara kwa siku moja. Plastiki nayo huchoka, hupoteza unyumbufu na yaweza kupasuka.

Ndiyo sababu nasema bila kusita kwamba mrija uliokwisha kutumiwa utupwe. Hospitali inayotaka kubana matumizi itafute kwingine.

Jambo la pili ni ununuzi. Tangu mwaka wa 2015, mpango wa serikali wa kukodisha vifaa vya matibabu ulizifikisha mashine hizi katika hospitali nyingi za kaunti. Hilo lilikuwa jambo jema. Lakini mashine bila mirija inayoifaa ni pambo tu. Wanaotoa zabuni wakumbuke kwamba si kila mrija unaoingia katika pampu unaifaa pampu hiyo. Ile nambari ya mwendo wa damu unayoiona kwenye kioo, kwa kawaida, haipimwi moja kwa moja. Mashine huhesabu mizunguko ya pampu na kuizidisha kwa ujazo wa mrija inaodhani umewekwa. Ukiwekwa mrija mwembamba zaidi, kioo kitasema 300 huku damu inayosafishwa ikiwa pungufu. Mgonjwa atarudi nyumbani akiwa na sumu mwilini na asijue ni kwa nini amevimba na kuchoka.

Ubanaji nao una kipimo chake. Magurudumu yakilegea, damu hurudi nyuma. Yakikaza kupita kiasi, huziponda chembechembe za damu na kuula mrija. Kazi ya kuyapima ni ya fundi aliyefunzwa, kwa ratiba inayojulikana, si ya kusubiri hadi mashine igome.

Hatari nyingine ni mrija uliopindika. Damu inayolazimishwa kupita kwenye tundu jembamba hupasuka chembechembe zake. Mwaka wa 1998, katika majimbo ya Nebraska na Maryland huko Marekani, wagonjwa waliugua wakiwa kwenye mashine, na uchunguzi ukaonyesha kasoro ya mirija iliyokuwa na tundu jembamba kuliko ilivyopasa. Dalili zake ni maumivu ya kifua, mgongo au tumbo, kukosa pumzi, na damu ya mrijani kugeuka rangi kama mvinyo mwekundu. Ukiona hayo, mwite muuguzi papo hapo. Pampu husimamishwa, na damu hiyo hairudishwi mwilini.

Nawe mgonjwa una wajibu wako. Najua vyumba vile huwa na baridi, lakini usiufunike kwa blanketi mkono wenye sindano. Sindano inayorudisha damu ikichomoka, pampu haijui. Itaendelea kusukuma mililita 300 kila dakika. Kwa dakika 4 utakuwa umepoteza zaidi ya lita moja, na si kila mara kengele italia. Mkono na mrija vionekane wakati wote. Ukihisi unyevunyevu, piga kelele.

Tusisahau pia umeme, ambao sote twajua tabia yake. Pampu ikisimama, takriban mililita 200 za damu hubaki nje ya mwili na zaweza kuganda. Mashine nyingi zina betri ya akiba, lakini betri nayo huzeeka. Kwa hiyo kila mashine inapaswa kuwa na mpini wa kuzungushia pampu kwa mkono, ulio karibu, na muuguzi anayejua kuutumia huku akichunga hewa isiingie mwilini. Mpini uliofungiwa kabatini usiku stima ikipotea haumsaidii mtu.

Kuuliza si ujinga. Kabla ya kikao chako kijacho, uliza maswali haya: Je, mrija huu ni mpya na pakiti yake ilikuwa imefungwa? Umeidhinishwa kwa mashine hii? Pampu ilikaguliwa lini na fundi? Mpini uko wapi? Muuguzi mwema hatakasirika. Atafurahi kumpata mwenzake wa kulinda.

Kwa wakuu wa afya katika kaunti, ombi langu ni moja. Mnapopanga bajeti ya mashine, pangeni pia ya mirija, ya fundi na ya mafunzo ya wauguzi. Mgonjwa wa figo hana nafasi ya kusubiri zabuni irekebishwe. Damu yake hupita katika mrija huo kila wiki.