Kiduka cha mtaani Ruashi kisifanywe shamba la ushuru

Kila bei ya unga inapopanda mjini Lubumbashi, macho ya viongozi huelekea Kasumbalesa. Malori yanayovuka kutoka Zambia huhesabiwa, waagizaji huitwa vikaoni, na redio hutangaza kwamba shehena iko njiani. Yote hayo ni ya lazima. Lakini mama wa Kalukuluku au wa Bendera hanunui unga kwenye lori. Hununua meka moja au mbili katika kiduka kilicho hatua chache kutoka mlangoni kwake, jioni, baada ya mtu wa nyumbani kurudi na chochote kilichopatikana siku hiyo. Bei ya kweli ya bukari hujulikana hapo. Na hapo hapo ndipo serikali haina sera yoyote, isipokuwa kukusanya ushuru.

Ruashi ni mojawapo ya komini saba za Lubumbashi. Iko pembezoni mwa mji, kati ya migodi na vijiji, na wakazi wake wengi huishi kwa kipato cha siku. Kwa watu wa namna hiyo, kiduka si anasa. Ndiko kunakopatikana mafuta ya kupimiwa kwenye chupa ndogo, sukari ya kufungwa katika kifuko, kipande cha sabuni, chumvi, makala, na samaki wakavu waliotoka Kasenga, kando ya mto Luapula. Ndiko pia kunakopatikana mkopo usio na karatasi: jina kwenye daftari na ahadi ya kulipa mshahara ukitoka. Hakuna benki inayomkopesha mtu meka moja ya unga.

Haikuwa hivyo siku zote. Enzi za Union Minière, na baadaye Gécamines, mfanyakazi wa mgodi alipata posho. Unga ulikuwa sehemu ya ujira wake, na kampuni ndiyo iliyohangaika na bei. Gécamines ilipoporomoka kuanzia miaka ya 1990, mpango huo ulikufa nayo. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondolewa kazini katika mpango uliofadhiliwa na Benki ya Dunia. Kazi ya kulisha kaya, iliyokuwa ya kampuni, iliangukia mabegani mwa wauzaji wadogo. Hakuna aliyewateua na hakuna aliyewapa mtaji. Waliziba pengo kwa sababu lilikuwapo.

Ni kweli kwamba anayenunua kidogo kidogo hulipa zaidi. Chukua mfano rahisi wa hesabu. Tuseme mfuko wa kilo 25 unauzwa faranga 50,000, yaani faranga 2,000 kwa kilo, na kiduka kinauza kilo hiyo hiyo kwa faranga 2,300. Kaya inayokula kilo mbili kwa siku itatumia kilo 60 kwa mwezi. Kama ingenunua kwa mfuko ingelipa faranga 120,000, lakini kwa kupimiwa italipa 138,000. Tofauti ya faranga 18,000 ni gharama ya kutokuwa na faranga 50,000 mkononi kwa wakati mmoja. Kwa maneno mengine, maskini hutozwa kwa sababu ya umaskini wake.

Ni rahisi kumlaumu mwenye duka. Lakini ile faranga 300 haiingii yote mfukoni mwake. Ndani yake kuna nauli ya kuleta mfuko kutoka depo, unga unaomwagika, na deni ambalo halitalipwa. Kuna pia hasara ya fedha yenyewe. Bidhaa nyingi hununuliwa kwa dola au kwa bei inayofuata dola, na kiduka huuza kwa faranga. Mwanzoni mwa 2022 dola moja ilikuwa karibu faranga 2,000. Kufikia katikati ya 2024 ilikuwa karibu 2,800. Katika miaka kama hiyo, muuzaji aliyeuza mzigo wote kwa bei ya jana hukuta leo kwamba fedha aliyokusanya haitoshi kununua mzigo mwingine kama ule. Akipandisha bei, huitwa mnyonyaji. Asipopandisha, hufunga.

Mwaka huo wa 2024 ulionyesha jinsi mnyororo huu ulivyo mwembamba. Februari, Zambia ilitangaza ukame kuwa janga la taifa. Agosti, nchi hiyo ilifunga kwa siku chache mipaka ya Kasumbalesa, Mokambo na Sakania, kufuatia mvutano uliohusu zuio la Congo dhidi ya bia na vinywaji baridi kutoka nje. Mwagizaji mkubwa ana ghala na anaweza kungoja. Kiduka chenye mifuko mitatu hakiwezi, na kaya inayokitegemea haiwezi kabisa.

Juu ya mizigo hiyo yote unakuja ushuru. Sheria yenyewe si mbaya. Amri namba 90-046 ya Agosti 1990 inaruhusu raia kufanya biashara ndogo kwa patenti, bila mlolongo wa taratibu za kampuni kubwa. Sheria ya ugatuzi ya 2008 nayo inaipa komini haki ya kuwa na mapato yake. Tatizo ni wingi wa mikono. Malalamiko ya wauzaji ni ya miaka mingi: leo anakuja huyu kuuliza patenti, kesho yule anauliza usafi, keshokutwa mwingine ana karatasi isiyoeleweka, na mara nyingi mazungumzo huisha bila risiti. Fedha isiyo na risiti haijengi mtaro hata mmoja Ruashi, lakini imo ndani ya bei ya kila meka.

Watetezi wa ushuru watasema komini haiwezi kuishi kwa hewa, na wana haki. Barabara, taa na usafi wa soko vinahitaji fedha. Watasema pia kwamba baadhi ya wauzaji hupunja kwa kugonga meka kitako ili ipungue. Nalo ni kweli. Lakini hoja zote mbili zinadai utaratibu, wala si usumbufu.

Tanzania ilijaribu njia moja. Desemba 2018 serikali ya Rais John Magufuli ilianza kutoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo: mwenye mauzo yasiyofika shilingi milioni nne kwa mwaka alilipa shilingi 20,000 mara moja kwa mwaka, na hakupaswa kusumbuliwa tena. Mpango huo ulikuwa na kasoro zake, hasa pale viongozi wa wilaya walipopewa idadi ya vitambulisho vya kugawa na baadhi yao wakageuza hiari kuwa shuruti. Hata hivyo msingi wake ulikuwa sahihi: lipa mara moja, onyesha kadi, endelea na kazi.

Ruashi inaweza kuanza na hatua tatu zisizohitaji mabilioni. Kwanza, komini ibandike hadharani, kwa Kiswahili na Kifaransa, orodha ya kila tozo halali ya kiduka, kiasi chake na anayeruhusiwa kuipokea. Kisichokuwa kwenye orodha kisilipwe. Pili, vipimo vikaguliwe. Mizani ya kilo, au meka yenye alama iliyothibitishwa, imlinde mnunuzi na pia imlinde muuzaji mwaminifu anayeshindana na mpunjaji. Tatu, wauzaji wa mtaa mmoja wasaidiwe kununua pamoja. Watu kumi wanaoleta lori moja dogo hugawana nauli na hupata bei ya jumla ambayo mmoja peke yake haipati. Na unga wa mahindi yanayolimwa na Huduma ya Kitaifa kule Kaniama-Kasese, unapofika Lubumbashi, usiishie kwenye depo kubwa. Sehemu yake ipitie kwa vikundi hivyo, kwa bei iliyoandikwa mlangoni.

Haba na haba hujaza kibaba. Methali hiyo hufundisha kuweka akiba, lakini kwa kaya ya Ruashi haba na haba huchota kibaba: faranga mia hapa kwa karatasi isiyo na risiti, mia pale kwa kipimo kibovu, mpaka mtoto anakula mara moja kwa siku. Mpaka wa Zambia hauko mikononi mwa komini, wala mvua, wala thamani ya dola. Karatasi ya ushuru na kipimo cha unga viko mikononi mwake, na kwa hivyo viwili hana wa kumsingizia.