Mtumishi Mmoja, Mabwana Wengi

Ndugu msomaji, ofisa wa utawala wa chuo kikuu anapotujia na dhiki za kazi yake, jibu letu sisi watu wa mimbari huwa ni moja: "Subiri." Subira ni fadhila kubwa, hatubishi. Lakini jibu hilo, likitolewa peke yake, humwonea anayedhikika na kumwacha huru anayedhikisha.

Tumtazame Mshauri wa Wanafunzi. Uongozi unamtaka awatulize wanafunzi. Wanafunzi wanamtaka awatetee mbele ya uongozi. Fedha za kujikimu kutoka Bodi ya Mikopo, iliyoanza kazi mwaka 2005, zikichelewa, ni yeye anayegongewa mlango, ilhali fedha hizo hazimo mikononi mwake. Akiegemea huku, huitwa msaliti. Akiegemea kule, huitwa mchochezi.

Mwaka 1964 Robert Kahn na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walitoa kitabu kilichopambanua dhiki mbili za namna hii: mgongano wa majukumu, yaani mtu kutakiwa mambo yasiyopatana; na utata wa majukumu, yaani kutojua mipaka ya kazi yake wala kipimo atakachopimwa nacho. Na mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba uchovu uliokithiri wa kazini hutokana na msongo sugu wa mahali pa kazi ambao haukudhibitiwa ipasavyo.

Qur'ani Tukufu, katika Suratuz-Zumar aya ya 29, inapiga mfano wa mtu anayemilikiwa na washirika wagombanao, na mwingine aliye wa bwana mmoja tu. Mfano huo umekuja kubainisha tauhidi, lakini umesimama juu ya jambo lisilopingika: kuamrishwa na wagombanao ni adhabu. Naye Mtume (S.A.W.), katika hadithi ya Abu Dharr iliyopokewa na Bukhari na Muslim, alikataza kuwakalifisha watumishi kazi inayowashinda, na wakikalifishwa, basi wasaidiwe. Amri hiyo imeelekezwa kwa bwana, si kwa mtumishi.

Basi, enyi wakuu wa vyuo, andikeni mipaka ya kila kazi. Zikigongana amri mbili, aamue aliyezitoa, si aliyezipokea. Nasi masheikh, tukishamwambia ofisa "subiri", tusiishie hapo. Tubishe hodi kwa mkubwa wake tumwambie "mpunguzie".

Wabillahi tawfiq.