Jikoni Mwetu: Mkate wa Kikaango wa Nanasi na Jibini

Jibini ni ghali, na wengi wetu tukiinunua huwa ni kipande kidogo tu. Mwezi huu tunakuletea njia ya kukifanya kipande hicho kitoshe watu 4, bila hamira wala tanuri. Chumvi ya jibini huukoleza utamu wa nanasi, hivyo kidogo chatosha.

Mahitaji
Unga wa ngano vikombe 2
Baking pauda vijiko vya chai 2
Chumvi nusu kijiko cha chai
Mafuta vijiko vikubwa 2
Maji ya uvuguvugu kiasi cha nusu kikombe
Nanasi bivu, vipande vyembamba, kikombe 1
Jibini iliyokwaruzwa nusu kikombe
Pilipili manga kidogo

Namna ya kupika
1. Changanya unga, baking pauda, chumvi na mafuta. Tia maji kidogo kidogo huku ukikanda mpaka unga ulainike. Funika dakika 10.
2. Kaanga nanasi bila mafuta mpaka likauke na kuanza kuwa la kahawia. Usiiache hatua hii, mama. Majimaji ya nanasi huulowesha mkate.
3. Gawa madonge 4, usukume kama chapati nene.
4. Choma upande mmoja, geuza, kisha tandaza jibini na nanasi juu. Punguza moto, funika dakika 3 hivi, jibini iyeyuke na chini paive.
5. Nyunyiza pilipili manga. Andaa ungali moto.

Nanasi likiadimika, tumia embe lililoanza kuiva ambalo bado ni gumu. Watoto watokao shule na njaa hawatauliza mkate wa dukani.