Harufu ya Petroli Si ya Kuzoewa



Juma hili tunapenda kutafakari pamoja nanyi jambo dogo kwa sura, zito kwa matokeo. Wengi miongoni mwetu humiliki au hupanda magari yaliyokwisha kula chumvi nyingi barabarani. Si ajabu mtu kuingia katika gari la namna hiyo, akasikia harufu ya petroli, akauliza, na dereva akamjibu kwa utulivu: “Gari hili ni la zamani, ndivyo lilivyo.” Jibu hilo ndilo tunalotaka kulipinga. Uzee wa gari waweza kutueleza kwa nini mpira wa mafuta umepasuka. Hauwezi kutupa ruhusa ya kuendelea kubeba watu hali mpira ule umepasuka.

Kwanza, tuifahamu petroli yenyewe. Kinachoshika moto si kile kimiminika tunachokiona, bali mvuke wake tusiouona. Petroli hutoa mvuke wa kutosha kuwaka hata katika baridi ya takriban nyuzi 40 za Selsiasi chini ya sifuri. Hivyo, katika nchi zetu hakuna asubuhi iliyo baridi kiasi cha kuifanya salama. Tena mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Haupai juu ukatoweka kama moshi, bali hushuka, hutambaa sakafuni, hutuama katika shimo la gereji, na waweza kulifikia jiko la mkaa lililo hatua kadhaa kutoka pale gari lilipoegeshwa. Hatujasahau Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, wala Sachangwan nchini Kenya, tarehe 31 Januari 2009. Katika kila mojawapo ya ajali hizo za malori ya mafuta walikufa watu zaidi ya 100, wengi wao wakiwa wameyakaribia mafuta yaliyomwagika. Gari dogo linalovuja halina shehena ya lori, lakini mafuta yake ni yale yale na cheche ni ile ile.

Pili, tuhesabu hasara. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Basi haba na haba hukimaliza pia. Tukichukua kwamba matone 20 ni kama mililita moja, tone moja kila sekunde hufanya matone 86,400 kwa siku, yaani zaidi ya lita 4. Mwenye gari asemaye hana fedha ya kununua mpira mpya huenda anailipa fedha hiyo hiyo kila juma, ila anailipa ardhini.

Tatu, na hapa ndipo penye kiini cha hoja yetu: kuziba si kutafuta. Mahali tone linapoangukia mara nyingi sipo mahali linapotokea. Mafuta hufuata bomba, huteremka kwenye chuma, husukumwa nyuma na upepo wa mwendo, kisha hudondoka mbali na chanzo chake. Ndiyo maana gari hurudi gereji mara tatu kwa ugonjwa ule ule.

Mtafutaji mwema huanza kwa kuuliza maswali. Je, harufu huja tangi likijazwa tu? Basi atazame shingo ya kujazia, mipira iliyo juu ya tangi, na gasketi ya pampu kwa magari ambayo pampu yake imo tangini. Huja injini ikiwa inanguruma? Atazame njia yenye msukumo: pampu, chujio, mipira, na oringi za injekta. Huja gari lenye kabureta likizimwa lingali na moto? Huenda kabureta inafurika kwa sababu boya au sindano yake imechakaa. Na kwa magari ya pwani, asisahau mabomba ya chuma yapitayo chini ya bodi, kwa maana chumvi huyala pole pole hata pale rangi ya juu inapoonekana nzima.

Kisha hufuata kazi ya macho. Gari na liegeshwe nje, mahali tambarare penye hewa, mbali na jiko na sigara, injini ikiwa imepoa. Mwanga uwe wa tochi, kamwe usiwe wa kibatari. Kizimamoto cha unga au cha povu kiwe karibu, wala mtu asitegemee maji, kwa kuwa petroli huelea juu ya maji na kuwaka ikielea. Sehemu inayoshukiwa ifutwe hadi ikauke, ipakwe unga wa chaki, na kipande cha boksi kitandazwe chini. Katika gari lenye pampu ya umeme, mara nyingi yatosha mtu mmoja kufungua swichi bila kuwasha injini. Pampu huvuma kwa sekunde chache na msukumo huingia bombani, huku mwingine akitazama. Palipolowa juu kuliko pote ndipo pa kuanzia. Lakini kwenye chuma chenye moto petroli hukauka haraka, ikaacha harufu na doa la kahawia tu. Doa nalo ni ushahidi.

Nne, matengenezo yenyewe yana heshima yake. Kabla ya kufungua mpira wa gari lenye injekta, msukumo uliobaki bombani hauna budi kupunguzwa: fyuzi ya pampu huondolewa, injini huachwa izime yenyewe, kisha waya hasi wa betri hutenguliwa. Mpira mpya uwe wa mafuta, si wa maji, na uwe wa kiwango cha mfumo wake. Mpira unaofaa kwenye kabureta, ambako msukumo ni mdogo, huenda usistahimili msukumo wa injekta, ulio mkubwa mara nyingi zaidi.

Tunaijua pia sabuni ya kipande isuguliwayo kwenye ufa wa tangi. Hatuidharau, maana petroli haiiyeyushi upesi, na imewatoa wengi porini. Lakini kazi yake ni kukufikisha kwa fundi; haikuumbwa kukaa miezi sita. Na tangi lisichomelewe kwa sababu tu limemwagwa mafuta. Tangi tupu laweza kuwa hatari kuliko lililojaa, kwa kuwa ndani yake mvuke umechanganyika na hewa. Kazi hiyo ni ya mwenye ujuzi wa kulisafisha na kuuondoa mvuke wote; asipopatikana, ni heri kutafuta tangi jingine.

Mwishowe, tuseme neno juu ya mafundi. Ni rahisi kuwalaumu. Lakini wenye magari wengi hulipa kwa moyo mweupe bei ya kipuri, kisha hunung'unika wakitakiwa kulipia saa mbili za kutafuta. Humwambia fundi, “Ziba hapo tu, tutaangalia baadaye,” naye huziba hapo tu. Maoni yetu ni kwamba saa ya kutafuta ndiyo sehemu ya thamani kuliko zote katika kazi hii, nayo yastahili malipo. Zaidi ya hapo, mwenye gari na asilipokee mpaka limewashwa, limezimwa, limepoa, na limekaguliwa tena asubuhi yake.

Na asiye na fedha? Tunamhurumia kweli. Hata hivyo, yeye anaweza kuliegesha gari. Mtoto aliyeketi kiti cha nyuma akienda shule hana uwezo wa kuchagua. Gari likae juma zima uani, watu waende kwa miguu, kuliko kuwapakia juu ya hatari ambayo pua ya kila mmoja imekwisha kuitangaza.