Mtihani wa Kidato cha Nne Hausubiri Mavuno



 Tunataka kuzungumzia jambo ambalo si la darsa zetu za kila siku, lakini linawagusa watoto wale wale tunaowafundisha.

Kila mwaka matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, hapa Mloka husikika maneno yale yale. Aliyefaulu ana bahati, au babu yake alikuwa mtu wa dua. Aliyepata sifuri, Mungu hakumwandikia. Kisha mazungumzo ya barazani yanahamia kwenye bei ya ufuta. Sisi walimu wa madrasa hatukubaliani na maneno hayo. Qadar tunaiamini, ni katika nguzo za imani yetu. Lakini mkulima wa Rufiji halali nyumbani shamba likiingiwa na nguruwe, halafu asubuhi akasema ni qadar. Anakesha. Kwa nini basi kwenye mpunga tukeshe, na kwenye mtihani wa mtoto tuseme imeandikwa?

Tuanze na kuujua mtihani wenyewe, maana wazazi wengi tunaozungumza nao wanadhani ni karatasi ya kumalizia shule tu. Ziko nchi ambazo kijana akimaliza sekondari hufanya mtihani mwingine uliotungwa na chuo anachokitaka. Huko Ufilipino, kwa mfano, ndugu zetu Waislamu wa Mindanao wanaotaka kusoma Chuo Kikuu cha Jimbo la Mindanao, kilichopo katika mji wa Marawi, hufanya mtihani wa chuo hicho, na asiyeupata anaweza kujaribu kwingine. Kwetu mambo ni tofauti. Mtihani wa Baraza la Mitihani la Tanzania, unaofanyika mwezi Novemba, ndio unaomaliza shule na ndio huo huo unaoamua nani aende kidato cha tano, nani aende chuo cha uuguzi au kilimo, na nani abaki. Miaka miwili mbele, ule wa kidato cha sita wa mwezi Mei unafanya kazi hiyo hiyo kwa vyuo vikuu. Aliyeshindwa anaweza kurudia akiwa mtahiniwa wa kujitegemea, lakini kwa ada yake na mara nyingi bila mwalimu. Na mtihani wenyewe si mwepesi. Wa mwaka 2012, ambao matokeo yake yalitangazwa Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa wa nchi nzima walipata sifuri, mpaka serikali ikaunda tume na matokeo yakapangwa upya.

Sasa hesabu. Daraja linatokana na masomo saba ambayo mtoto amefanya vizuri zaidi. A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4 na F ni 5. Pointi 7 hadi 17 ni daraja la kwanza, 18 hadi 21 la pili, 22 hadi 25 la tatu, na 26 hadi 33 la nne. Kwenda kidato cha tano mtoto hatakiwi kuzidi pointi 25, na tena awe na A, B au C katika masomo yasiyopungua matatu. C inaanzia alama 45.

Hapo kwenye masomo matatu ndipo tunapotaka kila mzazi wa madrasa hii asimame kidogo. Katika hayo matatu, somo la dini halihesabiwi. Vyuo vya kati navyo, vinavyodai angalau D nne, havihesabu D ya somo la dini. Tunalisema hili kwa sababu watoto wetu wana kawaida ya kuegemea Elimu ya Dini ya Kiislamu. Wanaipenda, wanaijua tangu utotoni, na wengi wanapata alama nzuri. Sisi tunafurahi. Lakini mtoto mwenye A ya dini na F au D katika yaliyobaki hana pa kwenda. Kuna wanaoona sharti hilo si la haki, na huo ni mjadala unaostahili kujadiliwa, ila mwezi Novemba mtoto atapimwa kwa sharti lililopo.

Wala asidhani mtu kwamba vyuo vyetu wenyewe vitamhurumia. Chuo Kikuu cha Waislamu cha Morogoro, kilichofunguliwa mwaka 2005 katika majengo yaliyokuwa ya TANESCO, kinapokea wanafunzi wa shahada kwa vigezo vya Tume ya Vyuo Vikuu kama vyuo vingine. Anayetoka kidato cha sita anatakiwa awe na ufaulu wa masomo mawili makuu. Hifdhi ya juzuu thelathini ni jambo kubwa mbele ya Allah, lakini haiingii kwenye fomu ile.

Tatizo kubwa la watoto wetu, kwa maoni yetu, si uvivu. Ni lugha. Mtoto anasoma miaka saba kwa Kiswahili, kisha anaingia kidato cha kwanza anakuta Baiolojia, Jiografia na Hisabati zimeandikwa kwa Kiingereza. Anafanya nini? Anakariri. Anakariri maelezo ya mwalimu ubaoni neno kwa neno, na swali likigeuzwa kidogo tu amepotea. Wanafunzi wetu wa madrasa wanaweza zaidi kuliko wengine kuangukia hapo, kwa sababu wamezoea kuhifadhi, na wanaweza kubeba kurasa nzima za Kiingereza kichwani bila kujua zinasema nini.

Lakini hapo hapo pana faida ambayo wenzao hawana. Mwanafunzi aliyehifadhi hata juzuu moja anajua kitu ambacho shuleni hakifundishwi, nacho ni kudurusu. Anajua kwamba sura aliyoishika leo, asipoirudia kesho, keshokutwa na wiki ijayo, itamtoka. Anajua kumsomea mwenzake ili amsahihishe. Anajua kwamba saa moja baada ya Alfajiri ni bora kuliko saa tatu za usiku wa manane. Basi afanye hivyo hivyo kwa Kemia. Aliyosoma Jumatatu ayarudie Jumatano bila kufungua daftari, amweleze mwenzake kwa Kiswahili kwanza mpaka waelewane, kisha wayaandike kwa Kiingereza. Asiyeweza kulieleza jambo kwa Kiswahili hajalielewa, na Kiingereza chake hakitamwokoa.

Yako na mambo mawili ambayo hayana gharama kubwa na watu hawayatumii. Baraza la Mitihani huweka mitihani ya miaka iliyopita kwenye tovuti yake. Pia hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo, zinazoonyesha swali lipi liliwashinda wengi na walikosea wapi. Ni mtahini mwenyewe anamwambia mtoto wako anachokitaka! Simu moja ya kaka au ya mjomba inatosha kuzipakua na kuwachapia watoto kumi. Vitabu vya kiada navyo vipo kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania.

Tuje sasa nyumbani, na hapa tutawaomba wazee wetu watuvumilie.

Sisi watu wa bonde hili tuna maisha ya nyumba mbili. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1968 serikali ilihamisha watu kutoka bondeni kwenda kuishi sehemu za juu, lakini mashamba yenye rutuba yakabaki bondeni. Tangu hapo kila msimu familia inafunga safari na kwenda kuishi kwenye dungu kulinda mpunga, na mwaka wenye mlau ni vivyo hivyo. Wanyama hawana huruma. Nyani mchana, nguruwe usiku, na tembo wanaotoka hifadhini wanamaliza ekari kwa usiku mmoja. Hatuwezi kumwambia mtu aache shamba lake. Mwaka 2024 maji yalipofunika mashamba ya Rufiji na Kibiti tuliona wote maana ya kukosa chakula.

Tunachosema ni hiki. Mtoto wa kidato cha nne asipelekwe dunguni. Aende mdogo wake wa darasa la tano wakati wa likizo, au watu wa ukoo wapeane zamu kama walivyofanya wazee. Na asiachwe peke yake nyumbani miezi mitatu, anajipikia, anateka maji, hana wa kumuuliza kama amelala nje. Mama akienda shamba, bibi abaki. Bibi akienda, mama mdogo aje. Kijana aliyekosa wiki sita za darasa kati ya Machi na Juni hawezi kuzilipa mwezi Oktoba kwa mshumaa.

Kwa mabinti jambo ni zito zaidi. Mila ya kumweka mwali ndani tunaijua, na yako ndani yake mafunzo ya adabu ambayo hatuyadharau. Lakini kumtoa binti shuleni kwa ajili hiyo, au kumpokelea posa akiwa na miezi minane tu kufika Novemba, hilo tunalipinga waziwazi. Sheria ya Elimu, kwa marekebisho ya mwaka 2016, inampa anayemuoa mwanafunzi kifungo cha miaka 30. Na hata sheria isingekuwepo, sisi tunauliza: akina mama wa kijiji hiki wakienda kujifungua wanataka kuhudumiwa na nani? Wanataka mwanamke mwenzao, mwenye stara. Huyo muuguzi atatoka wapi kama hakuna binti aliyefaulu Baiolojia, Kemia na Fizikia?

Kuhusu kombe na dua. Kuna wazazi wanaokuja kwetu wiki ya mtihani kuomba mtoto aandikiwe kombe la zafarani anywe. Dua tutaomba, na tutaomba kwa wote, hata kwa asiyekuja. Ila tunauliza kwanza daftari liko wapi. Bedui yule aliyemuuliza Mtume (S.A.W.) habari za ngamia wake alielekezwa amfunge kwanza, ndipo ategemee. Mtoto asiyefungua kitabu tangu Januari ni ngamia aliyeachwa porini.

Na kuhusu mitihani ya kuvuja hatuna maneno mengi. Ni wizi. Mwaka 2022 Baraza lilifuta matokeo ya watahiniwa zaidi ya elfu mbili wa darasa la saba kwa udanganyifu, na wengi wao walikuwa watoto walioponzwa na watu wazima. Anayenunua karatasi ya mtihani amekula haramu kabla hajapata kazi ya kulipwa.

Mzazi mwingine atasema, hata akifaulu, nitampeleka na nini? Tangu mwaka 2016 shule za serikali hazitozi ada hadi kidato cha nne, na tangu 2022 hadi kidato cha sita. Yapo mahitaji mengine, nauli, godoro, daftari, lakini ada siyo kisingizio tena. Chuo kikuu kuna mikopo ya Bodi iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2004. Waliokuwa wakiikwepa kwa hofu ya riba wajue kuwa ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo iliondolewa mwaka 2021. Aliyebaki na shaka awaulize wanazuoni mapema, asingoje barua ya chuo imefika mkononi.

Upande wetu, tumekubaliana haya. Wanafunzi wa kidato cha nne hawatakuwa na darsa ya alasiri kuanzia mwezi Julai mpaka wamalize mtihani. Watahudhuria Ijumaa tu, na hifdhi yao wataidurusu wenyewe nyumbani. Baadhi ya wazee wameliona hili kama kuipunguza dini. Sisi hatuoni hivyo, kwani amri ya kwanza kuteremshwa kwa Mtume wetu ilikuwa ni kusoma, na muda tunaowaachia ni wa kusoma. Atakayeonekana ufukweni au kwenye kibanda cha video saa hizo atarudishwa darsani siku hiyo hiyo.

Jengo la madrasa litakuwa wazi kila usiku baada ya sala ya Isha hadi saa nne, kwa wavulana, pamoja na mwalimu mmoja wa zamu. Taa za sola zipo mbili na zinatosha. Wasichana watasoma Jumamosi na Jumapili kuanzia baada ya Adhuhuri hadi Alasiri wakiwa na ustadha wao, ili wasitembee usiku, maana njia zetu si za watu peke yao. Kila mtahiniwa aje na mitihani ya nyuma ya somo linalomshinda, siyo analolipenda. Kwa wengi litakuwa Hisabati.

Tunawaomba kaka na dada zetu mliosoma na mnaofanya kazi Ikwiriri, Kibiti na Dar es Salaam, mkija Idd msituletee kanzu. Tuleteeni vitabu vya kidato cha tatu na cha nne, hata vilivyochakaa, na mkae na watoto walau siku moja. Wa Hisabati na Fizikia tunawahitaji kuliko wote.