MNATUAMBIA NI MEKAPU TU, MBONA VIDOLE VINAWAUMBUA?

Haya wadau wangu wa Unguja na mlio ng'ambo, leo nina langu la rohoni. Simtaji mtu jina, mwenye kidonda atajijua mwenyewe.

Mnawajua wale mabibie wa video za dakika moja. Picha Forodhani jua linazama, uso unang'aa kama umepakwa asali. Wadogo zetu wakiuliza "dada unatumia nini?", jibu ni lile lile: "Mekapu tu mpenzi, napaka kidogo kidogo, na maji nakunywa mengi." Mwaka haujaisha dada kashahama rangi mbili nzima, ila vifundo vya vidole vimebaki na rangi aliyozaliwa nayo. Mtaani jina lipo zamani: uso fanta, miguu koka.

Mi sigombi na rangi ya mtu. Nagombana na UONGO. Maana mtoto wa Mwanakwerekwe anaamini ni mekapu kweli, anajichangachanga, ananunua poda, anapaka mwezi mzima na ile sura haiji. Anaishia kuona ngozi yake ndo mbovu. Hapo ndo anatumiwa meseji ya pembeni: "njoo nikuuzie kikopo changu." Biashara ya mkorogo inaanzia kwenye huo uongo jamani.

Sasa tuseme ukweli. Mng'ao wa mekapu upo, na wala hautaki uchawi. Unaosha uso, unapaka losheni nyepesi, unasubiri ngozi inywe. Unafuata mafuta ya kujikinga na jua, kama ni mchana. Kisha faundesheni ya RANGI YAKO, ijaribu kwenye taya, utoke nje ya duka uitazame juani, taa za dukani zinadanganya. Paka tone dogo katikati ya uso, usambaze kwa kugonga gonga na sponji yenye unyevu. Pasipofunika vizuri, ongeza tabaka jembamba hapo hapo tu, sio uso mzima. Konsila ni ya madoa na chini ya macho. Vya krimu vyote vinatangulia, poda inafuata, na poda yenyewe ni kwenye paji, pembeni ya pua na kidevu. Mashavu yaache yapumue, juu ya mfupa weka haitlaita kidogo. Basi! Kwa joto letu la kaskazi, ukipaka mzigo mzito saa nne asubuhi, saa saba unachuruzika shingoni.

Na hiyo kazi yote mwisho wake jioni, maji na sabuni. Mekapu inatoka! Haibadilishi kiwiko, haibadilishi mgongo wa mkono. Kama mng'ao wa dada hautoki hata akitoka kuoga, shoga yangu, hiyo sio mekapu.

Na mkorogo sio mchezo. Zebaki inazuia ngozi isitengeneze rangi yake, ila haikai kwenye ngozi tu, inaingia mwilini. Shirika la Afya Duniani linasema inaharibu figo, inaleta vipele na makovu, mpaka wasiwasi na sonona. Mjamzito inamfikia mtoto tumboni. Haidrokwinoni ukiitumia muda mrefu inaweza kukugeuzia kibao ikakuachia mabaka meusi ya kibluu. Krimu kali za steroidi zinaifanya ngozi kuwa nyembamba, hata kidonda kinachelewa kupona. Ndo maana vipodozi vya zebaki na haidrokwinoni ni marufuku Tanzania, na mwaka 2023 nchi za Mkataba wa Minamata zilikubaliana vipodozi vyote vyenye zebaki viondoke ifikapo 2025. Lakini vikopo vinaendelea kuuzwa kwa meseji.

Geuza kopo usome. Ukikuta "mercury", "calomel" au "mercurous chloride", zebaki hiyo. Ukikuta onyo kwamba isiguse dhahabu wala fedha, kimbia! Kitu kinachoharibu bangili ya bi harusi, wewe unakipaka usoni? Kopo lisilo na maandishi kabisa ndo baya zaidi, na Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar wapo, kapelekeni.

Na nyie wapambaji wa maharusi hamjapona. Mtoto wa watu maji ya kunde, mnampaka rangi ya Mzungu, shingo ipo Unguja uso upo Ulaya. Mtandio ukisogea kidogo mpaka unaonekana, flashi ikipiga bibi harusi kawa kama kapakwa majivu. Mkiulizwa mnasema "rangi yake haipo". Haipo wapi? Fenty Beauty ilitoka na rangi 40 mwaka 2017, na kampuni nyingine zikafuata. Changanyeni rangi mbili mpate moja, hiyo ndo kazi mnayolipwa.

Bibi zetu walikuwa na singo, asumini, liwa lililosagwa na marashi mawaridi. Bi harusi alisuguliwa siku kadhaa akatoka laini, ananukia, anang'aa, na ni YULE YULE. Mama mkwe alimjua, mume alimjua. Hakuna aliyemsingia mtoto ili abadilike awe mtu mwingine.

Kwa hiyo madada mashuhuri, ombi langu dogo. Kama ni mekapu, futeni uso mbele ya kamera, na mikono tuione. Kama ni mkorogo, semeni ni mkorogo, mtu achague akijua anachoingia. Ila acheni kuwauzia wadogo zetu sumu kwa jina la poda.

Haya, mwaga povu hapo chini. Nawasubiri, hasa nyie wenye vikopo.